Jiwe la Mpimaji na Haki ya Mwenye Ardhi

Tunaanza kwa jina la Mwenyezi Mungu, na tunamsalia Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na masahaba zake wote. Amma baad.

Ndugu msomaji, mimi ni mtu wa pwani kwa kuzaliwa na kwa kusoma, lakini kazi ya kusomesha ilinichukua mbali na bahari. Kwa miaka kadhaa nilisomesha Qur'ani Nsemulwa, katika mji wa Mpanda, ambao tangu mwaka 2012 ndio makao ya Mkoa wa Katavi. Mtu atokaye pwani hupanda treni mpaka Tabora, kisha mpaka Kaliua. Hapo reli moja huendelea Kigoma, na nyingine huchepuka kuelekea kusini, ikapita porini mwendo wa kilomita 210 hivi, mpaka ikafika Mpanda ikakoma.

Madrasa yetu ilikuwa na uwanja mdogo na wanafunzi walikuwa wakizidi kila mwaka. Tukaazimia kuongeza chumba kimoja. Mafundi walipokuwa wakichimba msingi, jembe likagonga jiwe. Walipolisafisha wakaona ni kijiguzo kifupi cha zege, chuma katikati na namba juu yake. Watu wa mjini hukiita bikoni, yaani alama iliyowekwa na wapima ardhi kuonyesha pembe ya kiwanja.

Kijana mmoja katika wanafunzi wangu alikuwa amesimama karibu, akaniuliza, "Maalim, hili ni kaburi la nani?"

Watu wazima wakacheka. Nikamwambia, "Si kaburi, mwanangu. Ni alama ya wapimaji. Upande huu ni wetu, na upande ule ni wa jirani."

Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Mbona limeandikwa namba, halikuandikwa jina la mwenyewe?"

Sikuwa na jawabu la kumpa siku ile. Na jambo lililotukabili wakati ule halikuwa la kuchekesha, kwani mtaro wa msingi wetu ulikuwa umekwisha lipita jiwe lile kwa hatua mbili na nusu. Nitaeleza mwisho wa makala haya tulilofanya. Lakini kwanza nataka tusafiri pamoja katika tarikhi, tutazame miji iliyoanzishwa kwa kamba na darubini, na minara waliyojengewa wapimaji, ili tujue jiwe kama lile lina uzito gani.

MJI ULIOZALIWA NA VIPIMO

Mpanda haukuwa mji wa kale kama Kilwa, Lamu au Mombasa. Nchi ile ilikuwa na wenyewe tangu zamani, Wabende, Wakonongo, Wapimbwe na wengineo, wenye watemi wao, mashamba yao, mizinga yao ya nyuki na makaburi ya wazee wao. Lakini mji wenyewe, wenye stesheni na mitaa, ulizaliwa na wapimaji.

Mwaka 1934 mtafuta madini mmoja aitwaye de la Vallée Poussin aligundua madini katika nchi ile, na kubwa lake lilikuwa risasi, tena pamoja nayo fedha, shaba na dhahabu. Baada ya Vita Vikuu vya Pili, kampuni iliyoitwa Uruwira Minerals ikashika uchimbaji. Mzigo ule ni mzito na pwani iko mbali, basi serikali ya Kiingereza ikaamua kujenga reli kutoka Kaliua. Wapimaji wakatangulia na darubini zao, nyuma yao wafyekaji, kisha wajenzi wa tuta. Mwaka 1950 reli ikafunguliwa. Miaka kumi tu baadaye, mwaka 1960, mgodi ule ukafungwa. Kampuni ikaondoka, lakini reli ikabaki, na watu wakabaki.

Hata kabla ya reli, vilima vya magharibi ya Tanganyika vilikwisha pandwa na watu wa vipimo. Mwaka 1879, David Gill, mtaalamu wa nyota wa serikali ya Kiingereza kule Rasi ya Tumaini Jema, alitoa shauri la kupima mstari mmoja kutoka kusini ya Afrika mpaka Misri, ukifuata digrii ya 30 ya mashariki, ili umbo la dunia lijulikane na ramani zote zishikamane. Kazi hiyo ilichukua miaka mingi, na kipande cha mwisho, katika nchi ya Sudan, kilikamilika mwaka 1954. Kipande cha magharibi ya Tanganyika kilipimwa baina ya mwaka 1931 na 1933 chini ya afisa Mwingereza, Martin Hotine. Jina lake limo vitabuni mpaka leo. Lakini kila afisa wa namna ile alikuwa na wapagazi waliobeba sanduku la darubini kichwani, na wafyekaji waliokesha na taa juu ya kilima ili yeye apate kuiona kutoka kilima cha pili. Hao majina yao hayakuwekwa pamoja na lake.

Mpanda haukujengewa mnara mashuhuri wa kukumbuka kupimwa kwake. Minara yake ni bikoni hizi za zege, ambazo watoto hukaa juu yake wakichambua karanga. Mwenye kutaka kuona jinsi wakoloni walivyomtukuza mpimaji hana budi kuvuka bahari ya Hindi mpaka kusini ya Australia, katika mji uitwao Adelaide. Kisa cha mji huo kina mafunzo kwetu, tena kina Waislamu ndani yake.

MNARA WENYE DARUBINI

Katika mji wa Adelaide kuna kiwanja kiitwacho Light Square. Katikati yake kuna kaburi la William Light, mpimaji mkuu wa kwanza wa koloni ile, na juu ya kaburi umesimama mnara wa mawe. Mnara wa kwanza uliharibika kwa jua na mvua, na huu wa sasa ulisimamishwa mwaka 1905. Kileleni hauna msalaba wala taji la mfalme. Pamewekwa darubini ya mpima ardhi. Mwaka 1906 mji huo ukamsimamishia tena sanamu, ambayo mwaka 1938 ilihamishiwa juu ya kilima, mkono wake ukiuelekea mji alioupima.

Sikusudii hapa kuzungumza hukumu ya sanamu, kwani hayo yana mlango wake. Nataka tutazame alichokifanya mtu huyu, na ambacho mnara wake haukisemi.

William Light alizaliwa mwaka 1786 huko Kedah, nchi ya Wamalai, kwa baba Mwingereza na mama mwenye damu ya huko mashariki. Alipigana vita Ulaya, kisha akawa nahodha wa merikebu ya moshi iliyoitwa Nile katika jeshi la majini la Muhammad Ali Pasha wa Misri. Kutoka Misri ndipo alipopewa kazi ya Australia. Alifika huko mwezi wa Agosti 1836, akatafuta mahali pa mji, akachagua uwanda ulio kandokando ya mto uliopewa jina la Torrens.

Tarehe 11 Januari 1837 alianza kupima. Tarehe 10 Machi alikuwa amemaliza. Katika siku zisizofika sitini alikata vipande 1,042, kila kimoja ekari moja, akaacha njia pana zilizonyooka na viwanja vya kupumzikia, na mji wote akauzungusha ukanda wa miti na majani ambao hauruhusiwi kujengwa nyumba. Kwa ujuzi wa kazi, mtu huyu anastahili sifa, na Muislamu hakatazwi kukiri uhodari wa asiyekuwa Muislamu. Mji ule hata leo husifiwa kwa mpango wake.

Naye hakuneemeka nao. Gavana aligombana naye juu ya mahali alipopachagua. Wakubwa wa London wakamtaka apime mashamba ya nje haraka haraka, kwa vipimo vya kukisia. Akakataa, akajiuzulu mwaka 1838 pamoja na wasaidizi wake. Mwezi wa Januari 1839 moto ukateketeza kibanda chake na kumbukumbu zake za miaka mingi. Mwezi wa Oktoba mwaka huo huo akafa kwa kifua kikuu, hana kitu. Walimjengea mnara wakati hana tena haja nao. Hii nayo ni ibra, kwamba watu humtesa mtu hai, kisha humpamba akiwa maiti.

AHADI YA BABA NA AHADI YA MWANA

Uwanda ule haukuwa mtupu. Wenyewe walikuwa Wakaurna, na mahali pale walipaita Tarntanya, maana yake pahala pa kangaruu mwekundu. Walikuwa na kambi zao kandokando ya mto, njia zao na makaburi yao. Mistari ya Light ilipita juu ya yote hayo.

Na tusidhani kwamba wakubwa wa London hawakujua. Mwezi wa Februari 1836, kabla ya kupimwa mji, mfalme wa Kiingereza alitoa hati ya kuanzisha koloni, na ndani yake mlikuwa na sharti kwamba wenyeji wasizuiwe kukaa katika ardhi wanayoikalia wala kuifaidi, wao na vizazi vyao. Hati ikatiwa muhuri. Kisha vipande vyote vikauzwa, na Wakaurna hawakulipwa thamani ya ardhi yao. Ilipita miaka 180 na zaidi, mpaka mwaka 2018, ndipo mahakama ya shirikisho ya Australia ilipotambua haki za Wakaurna katika baadhi ya sehemu za nchi ile. Baadhi tu.

Ajabu ni kwamba jambo kama hili lilikuwa limekwisha tokea katika nyumba hiyo hiyo. Baba yake William, aitwaye Francis Light, ndiye aliyeichukua Penang mwaka 1786 kwa niaba ya Kampuni ya Kiingereza ya Mashariki ya Hindi. Kisiwa kile kilikuwa cha Sultani wa Kedah, naye alikubali kukitoa kwa kutumaini kulindwa dhidi ya maadui zake. Kampuni ikakaa kisiwani, na ulinzi haukuja. Mwaka 1791 Sultani alijaribu kukirudisha kwa nguvu, akashindwa. Baba alikaa juu ya ardhi iliyopatikana kwa tumaini lililovunjwa, na mwana akapima ardhi iliyokuwa na sharti lisilotimizwa.

Sisemi kwamba mpimaji ndiye aliyevunja ahadi. Yeye alishika darubini, na wenye amri walikuwa wengine. Lakini mstari wake ulionyooka ndio uliotumika kuifanya dhuluma ionekane kuwa ni nidhamu. Kipande kikishachorwa na kutiwa namba, mnunuzi aliyeko mbali huona namba tu. Haoni kaburi la babu wa mtu lililo chini ya namba ile. Mnara ukasimama juu ya kazi njema ya mikono, na kimya juu ya haki iliyopotea.

WAISLAMU NDANI YA MISTARI

Katika pembe ya kusini-magharibi ya mji ule, ndani ya mistari ile ile ya Light, kuna kichochoro kiitwacho Little Gilbert Street. Hapo pana msikiti uliojengwa mwaka 1888 na 1889, na minara yake minne ikaongezwa mwaka 1903. Waliojenga ni Waislamu waendesha ngamia, waliotoka Afghanistan, Baluchistan, Sindh na Punjab. Wazungu waliwaita wote Waafghani.

Hawa waliletwa tangu mwaka 1860 na kuendelea, kwa sababu farasi walikuwa wakifa kiu katika jangwa la Australia. Ngamia wao walibeba maji, unga, nyaya na vyombo vya wapimaji. Mwaka 1873 mpimaji William Gosse alikuwa Mzungu wa kwanza kuliona jabali kubwa la Uluru, akalipanda, na pamoja naye alikuwa Muislamu aitwaye Kamran. Gosse alikuwa muungwana katika jambo hili, akakiita kisima kimoja kwa jina la Kamran. Wengi wengine waliokuwa kama Kamran hawakupata hata kisima.

Basi watu wale wakanunua kipande, wakajenga nyumba ya Mwenyezi Mungu, ili wanaporudi kutoka jangwani wapate pa kusujudu, na wazee wao wasio na jamaa wapate pa kukaa mpaka mauti. Hakuna mji uliowawekea mnara wenye darubini. Lakini msikiti wao ungali unasaliwa mpaka leo. Ewe ndugu yangu, linganisha ukumbusho huu na ule, kisha uamue mwenyewe upi wa kutamani.

Nasi hapa kwetu tumeyaona ya sanamu na majina. Mwaka 1909 Wadachi walisimamisha Dar es Salaam sanamu ya Hermann von Wissmann, gavana wao aliyevunja upinzani wa watu wa mrima. Yeye aliwekwa juu, na chini yake askari Mwafrika. Waingereza walipoiteka nchi waliing'oa, ikapelekwa Ujerumani, ikasimamishwa Hamburg mwaka 1922, na huko nako wanafunzi wakaja kuiangusha mwaka 1967 na tena 1968. Mwaka 1927 Waingereza nao wakaweka sanamu ya Askari, ambayo kila aliyefika Dar es Salaam anaijua. Safari hii Mwafrika alipandishwa juu, lakini hana jina, ni askari tu. Jiwe la Nsemulwa lina namba bila jina, na sanamu ya Dar es Salaam ina sura bila jina.

ARDHI YA YATIMA WAWILI

Sasa na turudi kwa yule ambaye mwenendo wake ndio kipimo chetu.

Mtume (S.A.W.) alipohamia Madina mwaka 622, ngamia wake alipiga magoti katika kiwanja kilichokuwa kikianikwa tende. Hapo ndipo ulipojengwa msikiti wake. Lakini kiwanja kilikuwa na wenyewe, nao ni yatima wawili, Sahl na Suhayl, waliokuwa chini ya uangalizi wa mmoja katika Ansari. Katika riwaya mashuhuri, vijana wale walitaka kukitoa bure. Mtume (S.A.W.) akakataa kukichukua kuwa ni zawadi, mpaka kikanunuliwa kwa thamani yake.

Tuzingatie vizuri hapa. Mwenye kutaka ardhi ile alikuwa ni Mtume wa Mwenyezi Mungu. Kilichotakiwa kujengwa ni msikiti. Wenye ardhi walikuwa wameridhia. Mji mzima ulikuwa ukimpenda. Ikiwa kuna mtu mmoja duniani ambaye angeweza kusema, "Hii ni kazi ya Mungu, hakuna haja ya kulipa," basi ni yeye. Naye hakusema hivyo. Haki ya yatima ilitangulia, kisha ukuta ukafuata.

Waislamu wa baada yake walianzisha miji, na baadhi yao walikuwa wapimaji hodari. Mji wa Kufa ulipangwa mwaka 17 wa Hijra, kwa amri ya Sayyidna Umar na usimamizi wa Saad bin Abi Waqqas. Wanasimulia wanatarikhi kwamba mtu mwenye nguvu alisimama mahali pa msikiti, akatupa mishale pande zake, na nyumba zikaanzia ilipoangukia, ili katikati pabaki wazi kwa watu wote. Umar akaamrisha njia kuu ziwe na upana wa dhiraa 40, zinazofuata 30, na nyingine 20, na vichochoro dhiraa 7. Na mwaka 145 wa Hijra, Khalifa al-Mansur alipotaka kuujenga mji wa Baghdad, aliamrisha ramani yake ichorwe juu ya ardhi kwa majivu, apate kutembea ndani ya mji kabla haujakuwapo. Kisha wakaweka mbegu za pamba na mafuta juu ya mistari ile, wakawasha moto, akautazama mviringo wa mji wake ukiwaka.

Ni kisa cha kupendeza. Lakini Baghdad ile ya mviringo haipo tena, haikubaki hata tofali la kuta zake. Kiwanja cha Sahl na Suhayl kipo, na Waislamu wa dunia nzima wanakizuru.

SHUBIRI MOJA

Dini yetu imelipa jiwe la mpaka uzito ambao huenda wengi hatuufahamu. Katika hadithi aliyoipokea Sayyidna Ali, na ambayo imo katika Sahihi Muslim, Mtume (S.A.W.) amemtaja mwenye kubadilisha alama za ardhi pamoja na wale waliolaaniwa na Mwenyezi Mungu. Na katika hadithi ya Said bin Zayd ametufundisha kwamba mwenye kunyang'anya ardhi ya mtu, hata kama ni shubiri moja, siku ya Kiyama atavishwa shingoni ardhi hiyo mpaka tabaka ya saba.

Said huyu aliyeipokea hadithi alikuwa mmoja katika masahaba kumi waliobashiriwa Pepo. Mwanamke mmoja, Arwa binti Uways, alimshitaki kwa Marwan kwamba amemdhulumu sehemu ya ardhi yake. Said akastaajabu, vipi atamdhulumu naye ameyasikia maneno yale kwa masikio yake? Akamwachia ardhi yote, kisha akamwomba Mungu amhukumu mwanamke yule ikiwa anasema uongo. Wasimulizi wanasema Arwa alipofuka, na siku moja alipokuwa akitembea katika ardhi ile ile alitumbukia kisimani, kisima kikawa ndicho kaburi lake.

NSEMULWA TENA

Nilikuahidi, msomaji, kueleza tulilofanya.

Kiwanja cha jirani kilikuwa cha marehemu mmoja aliyeacha mjane na watoto wadogo. Hakikuwa kimejengwa, kilikuwa na mihogo michache. Tulipokutana usiku ule, mmoja wetu akasema, "Ni hatua mbili na nusu tu." Mwingine akasema, "Chumba ni cha kusomeshea Qur'ani. Na watoto wake mwenyewe watasoma humo." Wa tatu akasema mafundi wamekwisha lipwa na saruji imekwisha changanywa. Nami, Mwenyezi Mungu anisamehe, nilinyamaza. Sikusema ndiyo wala la. Siku mbili mtaro uliendelea, na mimi nikipita kando yake nikitazama upande mwingine.

Siku ya tatu ilikuwa zamu ya kusomesha sira, na somo lilikuwa la Hijra. Nikafika mahali pa ngamia kupiga magoti, nikaeleza habari za Sahl na Suhayl kama nilivyoeleza kila mwaka, maneno yakitoka mdomoni kwa mazoea. Yule kijana wa bikoni akanyoosha mkono. Akauliza, "Maalim, na sisi tutawalipa?"

Wallahi sikuweza kuendelea na somo. Nilifunga kitabu, nikaenda kuwakusanya wenzangu.

Tulikwenda kwa mjane. Kama yule mama angetaka kutulaumu, angekuwa na haki. Lakini alisema, "Chukueni tu, masheikh, iwe sadaka ya baba yao." Tukamwambia, "Mama, moyo wako ni mzuri, lakini ardhi si yako wala si yetu. Ni ya watoto, nao hawajabaleghe." Wanavyuoni wameweka masharti mazito juu ya kuuza ardhi ya yatima, licha ya kuitoa bure. Nasi hatukuwa na fedha za kulipa thamani yake hata kama ingejuzu. Basi tukarudi, tukafukia mtaro, tukarudisha msingi nyuma ya jiwe. Saruji iliyochanganywa ikapotea, na mafundi wakalipwa mara mbili. Chumba kikawa chembamba. Wanafunzi wa nyuma walikuwa wakikaa magoti yakigusana, na kila mvua ya masika ilipotulazimisha kujazana humo, palikuwa na mtu wa kunikumbusha zile hatua mbili na nusu.

Sikuona hasara kubwa zaidi ya ile ya siku mbili nilizonyamaza.

Na sasa nimelipata jawabu la yule kijana. Jiwe lile limeandikwa namba kwa sababu mpimaji hana kazi ya kutujulisha haki ni ya nani mbele ya Mungu. Yeye huonyesha mstari. Kujua nani yuko nyuma ya mstari, ni mjane au ni yatima, ni aliyeko au ni aliyefukuzwa, hiyo ni kazi yetu sisi tunaoishi hapo. Kule Adelaide walimkumbuka aliyechora mistari, wakawasahau waliokuwa chini yake. Sisi tusifanye hivyo katika viwanja vyetu, midogo ilivyo.

NASAHA KWA WENYE NYUMBA

Ndugu Waislamu wa pwani, mambo haya si ya Mpanda wala Australia peke yake. Mangapi tumeyaona katika mashamba yetu ya minazi, ambapo mnazi wa mpakani huhesabiwa na kila upande? Ndugu wangapi hawazikani kwa sababu ya ua uliosogezwa usiku? Na mirathi mingapi imekaa miaka bila kugawanywa, mkubwa akiila peke yake, akisema anawatunzia wenziwe?

Basi kwanza, kila mwenye nyumba na awatembeze wanawe, wa kiume na wa kike, awaonyeshe mipaka yake mbele ya majirani, naye yu hai na akili zake timamu. Pili, tuandike na tushuhudize, kwani kumbukumbu ya mtu hufa pamoja naye. Tatu, mirathi igawanywe mapema, na fungu la yatima litengwe liandikwe mbali. Nne, wenye kujenga misikiti na madrasa wawe wa mwanzo kuchunga mpaka. Mahali pa ibada hapatakaswi kwa chokaa ikiwa chini yake mna haki ya mtu.

Na mwenye kutaka kukumbukwa, asihangaike na mnara. Achimbe kisima, aweke wakfu, asomeshe mtoto mmoja elimu yenye manufaa.

Tunamwomba Mwenyezi Mungu atusamehe yale tuliyoyanyamazia, awarehemu waliobeba mizigo bila kuandikwa majina, na atufikishe kwake shingo zetu zikiwa nyepesi. Amin. Wallahu aalam.